Siri ya Mimba Changa na Kipimo cha Altrasaundi

Mazungumzo ya Mratibu wa Huduma za Afya ya Uzazi na Mtoto wa Wilaya mbele ya mkutano wa wananchi wa kata. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

Nawashukuru kwa kunipa nafasi kabla ya ajenda ya maji na barabara, maana najua hizo ndizo zilizowaleta wengi wenu hapa.

Katika mkutano uliopita nilitangaza kwamba wajawazito wanahimizwa kupimwa kwa altrasaundi katika miezi ya mwanzo. Niliulizwa maswali mawili, na muda haukuniruhusu kuyajibu. Mzee mmoja aliuliza, "Mashine hiyo inatafuta nini tumboni wakati mimba yenyewe haijaonekana hata kwa macho?" Kisha binti mmoja aliyeketi nyuma kabisa aliuliza kwa sauti ya chini, "Na ikiona kasoro, itanisaidia nini mimi?"

Nimeyabeba maswali hayo tangu siku ile. La mzee ni la elimu, nami nitaanza nalo. La binti ni la uchungu, na linastahili jibu lisilozungukazunguka.

Kipimo chenyewe

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Mpimaji hupaka tumbo jeli, akaweka juu yake kifaa kidogo anachokishika mkononi. Kifaa hicho hutoa sauti na kupokea mwangwi wake unaporudi. Mfupa hurudisha mwangwi mkali, nyama hurudisha mwangwi hafifu, na maji hayarudishi karibu chochote. Mashine huukusanya mwangwi huo na kuuchora kwenye kioo, mfupa ukaonekana mweupe, nyama ya kijivu, na maji meusi. Wenzetu wavuvi wanaotafuta kundi la samaki kwa kifaa cha sauti wanatumia kanuni hiyohiyo.

Napenda kuondoa hofu moja hapa. Altrasaundi si eksirei. Eksirei hutumia mionzi, ndiyo sababu mwanamke huulizwa kama ana mimba kabla ya kupigwa picha hiyo. Altrasaundi haina mionzi ya namna hiyo. Ilianza kutumika kwa wajawazito huko Glasgow, Uskoti, ambako mwaka 1958 daktari wa uzazi Ian Donald, pamoja na daktari John MacVicar na mhandisi Tom Brown, walichapisha matokeo ya kazi yao. Waliazima ujuzi wa viwandani, ambako sauti kama hizo zilitumika kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya vyuma. Zaidi ya miaka 60 imepita tangu hapo. Kikitumiwa na mtu aliyefunzwa, kwa sababu ya kitabibu na kwa muda unaohitajika tu, kipimo hiki hakijathibitika kumdhuru mtoto wala mama.

Kinachotafutwa, na wakati wake

Mzee wangu, mimba ina ratiba, na kila jambo huonekana kwa wakati wake. Wiki za mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wala si kuanzia siku ambayo mama aligundua kwamba ana mimba. Kwa hesabu hiyo kuna vipindi viwili ambavyo ningependa kila familia ivikumbuke.

Kipindi cha kwanza ni kuanzia wiki ya 11 hadi kabla ya kutimia wiki 14. Wakati huo mtoto, kutoka utosini hadi makalioni, ana urefu unaokaribia ule wa kidole gumba cha mtu mzima. Ni mdogo, lakini kwa wiki hizo chache huonyesha mengi. Mpimaji huona kama moyo unapiga, na kama mimba imetunga ndani ya mji wa mimba. Huona kama mtoto ni mmoja au ni pacha. Na kama ni pacha, huona kama wanashiriki kondo moja, jambo ambalo likisubiri hadi miezi ya mwisho huwa gumu kulitambua. Hukadiria pia umri wa mimba kwa tofauti ya siku 5 hadi 7 tu, kwa sababu katika umri huo watoto wote hukua kwa kasi inayokaribiana. Mama akija kwa mara ya kwanza mwezi wa nane, tofauti hiyo huweza kufika wiki 3. Hapo hatuna hakika kama mtoto anazaliwa kabla ya wakati au amepitisha wakati.

Katika kipindi hichohicho baadhi ya kasoro kubwa huanza kuonekana: fuvu la kichwa ambalo halikufunga, ukuta wa tumbo ulioacha viungo vya ndani nje, au mkono na mguu uliokosekana. Mpimaji mwenye mafunzo maalumu huweza pia kupima unene wa maji yaliyo chini ya ngozi ya kisogo. Utaratibu huo ulielezwa na Kypros Nicolaides na wenzake huko London mwaka 1992. Maji hayo yakizidi kiwango, uwezekano wa mtoto kuwa na ugonjwa wa Down au kasoro ya moyo huongezeka. Nasisitiza neno uwezekano. Wapo watoto waliopimwa wakakutwa na maji mengi kisogoni, na wamezaliwa wazima.

Kipindi cha pili ni kati ya wiki ya 18 na ya 22. Hapo viungo vimekomaa kiasi cha kukaguliwa kimoja kimoja: ubongo, uti wa mgongo, vyumba vya moyo, figo, mdomo, mikono na nyayo. Huu ndio wakati ambao mgongo wazi, maji kujaa kichwani, mdomo wazi, miguu kifundo na kasoro nyingi za moyo hutafutwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, limependekeza kila mjamzito ahudhurie kliniki walau mara 8, hudhurio la kwanza likiwa ndani ya wiki 12, na apimwe altrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Ukipata kipimo hicho mara moja kabla ya wiki ya 24, umetimiza pendekezo. Ukipata nafasi ya kupima katika vipindi vyote viwili, ni bora zaidi.

Nisifiche pia upungufu wa kipimo hiki. Hakioni kila kitu. Kuna matundu madogo ya moyo yasiyoonekana, kuna uziwi, kuna maradhi ya damu kama selimundu, na kuna matatizo ya akili yasiyoacha alama yoyote kwenye picha. Unene wa mama, namna mtoto alivyolala, uchakavu wa mashine na uzoefu wa mpimaji, vyote huathiri kinachoonekana. Mashine ndogo za kubebeka hufaa kuonyesha mapigo ya moyo, idadi ya watoto na umri wa mimba. Ukaguzi wa viungo huhitaji mashine kubwa zaidi na mtu aliyesomea kazi hiyo. Kwa hiyo mama akiambiwa kwamba picha ni nzuri, ashukuru, lakini asiache kuhudhuria kliniki. Na akiambiwa kuna shaka, aelewe kwamba shaka bado si hukumu. Inabidi ipimwe tena na mtu mwenye ujuzi zaidi.

"Itanisaidia nini mimi?"

Sasa nakuja kwako, binti yangu. Nitakujibu kwa kukusimulia mambo mawili niliyoyashuhudia kazini. La kwanza ni kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mkunga kijana, nilimpokea mama aliyetoka kupimwa akiwa na mimba ya miezi mitano. Karatasi yake ilieleza kwamba kichwa cha mtoto kimeanza kujaa maji. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, foleni nzima ikisikiliza, nikamwambia, "Mama, mtoto wako ana kichwa kikubwa, rudi wiki ijayo." Hakurudi. Alijifungulia nyumbani, akamficha mtoto ndani. Nilimwona tena mtoto akiwa na miezi mitano, kichwa kimekua kupita kiasi na macho yamelemewa yakitazama chini. Tulimpeleka hospitali kubwa, akawekewa mpira mwembamba wa kupunguza maji kichwani. Aliishi, lakini uwezo wa kuona ulikuwa umekwisha kupotea. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisema kwamba mama yule alichelewa. Leo nasema mbele yenu kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha. Nilimpa habari bila kumpa njia, tena nilimpa mbele za watu.

La pili ni la mama mwingine, aliyeanza kliniki mapema na kupimwa tena wiki ya 20. Mtoto wake alikutwa na mgongo wazi. Safari hii mama aliketishwa chumbani pamoja na mumewe. Walilia, wakauliza, wakajibiwa, wakaja tena kuuliza. Miezi iliyobaki waliitumia kuweka akiba ya nauli, kupanga nani atabaki na watoto wakubwa, na kupata barua ya rufaa. Mtoto alizaliwa katika hospitali yenye daktari wa upasuaji, kidonda kikafunikwa kwa kitambaa safi chenye unyevu tangu dakika ya kwanza, na mgongo ukafungwa katika siku chache zilizofuata kabla ya vijidudu kuingia kwenye uti. Sisemi kwamba mtoto yule hana shida. Hutembea kwa kutumia vifaa, na haja ndogo hutolewa kwa mpira mara kadhaa kwa siku. Lakini yuko darasa la pili, anasoma na kuandika.

Kwa hiyo jibu langu, binti yangu, ni hili: kipimo kinakusaidia kupata muda. Kasoro ikijulikana usiku wa uchungu katika zahanati isiyo na chumba cha upasuaji, maamuzi yote hufanywa kwa pupa. Ikijulikana miezi minne kabla, kuna mengi ya kupangwa. Mtoto ambaye utumbo wake uko nje huhitaji upasuaji katika saa za mwanzo, hivyo mama hujifungulia mahali ulipo. Mtoto mwenye kasoro kubwa ya moyo huangaliwa na wataalamu tangu anapozaliwa, na nchi yetu ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kwa kazi hiyo. Watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi hutibiwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na katika hospitali kubwa za kanda. Mtoto mwenye miguu kifundo anaweza kuanza kufungwa plasta katika wiki zake za mwanzo, ingali mifupa ni laini, na wengi hutembea vizuri bila upasuaji mkubwa. Pacha wanaoshiriki kondo moja hufuatiliwa kwa karibu, kwa sababu mmoja huweza kunyonya damu ya mwenzake.

Nisiwadanganye, kwa kuwa nimeahidi kutozunguka. Kuna kasoro ambazo hospitali yoyote duniani haiwezi kuzitibu. Mtoto ambaye fuvu lake halikufunga na ubongo haukukua, akizaliwa hai, huishi saa au siku chache. Wazazi wakiambiwa habari hiyo, hakuna maneno ya kuwaondolea uchungu. Lakini hata hapo kujua kuna maana. Mama hupata nafasi ya kuzungumza faraghani na daktari bingwa kuhusu usalama wake mwenyewe na namna ya kujifungua, ndani ya mipaka ya sheria za nchi yetu. Familia hupata nafasi ya kumwita kiongozi wao wa dini na kuomboleza kwa heshima. Tena, mama hupewa kinga kwa ajili ya mimba ijayo, jambo nitakalolieleza punde. Naomba pia ieleweke kwamba kipimo hiki hakikuletwa kuchagua watoto, wala kutangaza kama ni wa kike au wa kiume. Kimeletwa ili kila atakayezaliwa apokelewe na watu waliojiandaa.

Si laana, wala si kosa la mama

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto wachanga wapatao 240,000 duniani hufariki ndani ya siku 28 za mwanzo kwa sababu ya kasoro za kuzaliwa nazo, na kwamba watoto 9 kati ya 10 wenye kasoro nzito huzaliwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hao wote hawakulaaniwa. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Pale kinapojulikana, huwa ni mambo kama upungufu wa virutubishi, kisukari kisichodhibitiwa, pombe, maambukizi kama rubela na kaswende, au baadhi ya dawa za kifafa. Mama anayetumia dawa ya kifafa asiiache kwa kuogopa. Aende kwa daktari kabla ya kushika mimba ili aone kama inafaa kubadilishwa.

Kuhusu mgongo wazi, elimu iko wazi zaidi. Mfereji unaokuwa uti wa mgongo hufunga ifikapo takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Wakati huo wanawake wengi hawajajua hata kama wana mimba. Ndiyo sababu vidonge vya foliki asidi, miligramu 0.4 kwa siku, hufaa kuanza kabla ya mimba na kuendelea hadi wiki ya 12. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliochapishwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba kwa wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro hiyo, foliki asidi ilipunguza kujirudia kwake kwa takriban asilimia 72. Mama wa kundi hilo huhitaji dozi kubwa zaidi, miligramu 5, na ni lazima iandikwe na daktari, maana dozi hiyo hudhoofisha dawa ya SP ya kukinga malaria.

Tangu mwaka 2011 kanuni za nchi yetu zinataka unga wa ngano na wa mahindi unaosagwa katika viwanda vikubwa uongezwe virutubishi, foliki asidi ikiwamo. Unga tunaosaga wenyewe kwenye mashine za kijijini kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Basi tule mchicha, kisamvu, majani ya kunde, maharage na choroko, tusizichemshe mboga hadi zikapoteza rangi, na tuulizie vidonge mapema.

Wazee wangu, akina mama wakwe, na ninyi mawifi, nawasihi kwa heshima: mtoto akizaliwa na kasoro, maneno ya kwanza yatakayosemwa nyumbani yatamfanya mama yule atafute tiba au amfungie mtoto chumbani. Mtoto wangu yule wa kichwa kikubwa hakupoteza macho kwa maji peke yake. Aliyapoteza pia kwa aibu.

Siri ya mimba changa

Nimefika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalotukwamisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba ni mama mmoja tu kati ya wanne, kwa makadirio, aliyeanza kliniki katika miezi mitatu ya mwanzo. Umbali ni sababu mojawapo, na nauli ni nyingine. Lakini mimi ni mzaliwa wa maeneo haya, nami najua sababu ya tatu ambayo haiandikwi kwenye fomu. Kwetu mimba changa haitangazwi. Huogopwa kijicho, huogopwa maneno, huogopwa aibu ikiharibika baada ya watu kujua. Mama husubiri tumbo lijitangaze lenyewe, na likijitangaza, kipindi cha kwanza cha kipimo kimeshapita.

Sikuja kuwaambia muache desturi hiyo. Ina busara yake. Mimba nyingi zinazoharibika huharibika katika wiki hizo 12 za mwanzo, na mwanamke ana haki ya kupita kwenye jambo hilo bila kuulizwa maswali kisimani. Ninachosema ni kwamba kliniki ni mahali pa siri. Tunaweza kuficha mimba kwa majirani bila kuificha kwa mkunga. Wahenga walisema mficha uchi hazai, wakimaanisha kwamba yapo mambo ambayo lazima ayaone anayehusika, hata kama wengine hawapaswi kuyaona.

Lakini siri ina pande mbili. Ikiwa sisi tunasoma majibu mlangoni, mama ana sababu nzuri ya kubaki kwao. Kwa hiyo natamka wajibu wetu hapa, nanyi mnishuhudie. Majibu ya kipimo hutolewa chumbani, mlango umefungwa. Hupewa mama mwenyewe, na mwenza wake ikiwa mama ameridhia. Hayapelekwi kwa balozi, kwa mama mkwe wala kwa jirani. Mama ana haki ya kuuliza mara ya pili na ya tatu. Mtumishi akikiuka haya, leteni malalamiko kwa mganga mfawidhi wa kituo, kwenye sanduku la maoni, au kwa kamati ya afya ya kata.

Hatua za kufuata

Nimalizie kwa mambo ya utekelezaji, ili mtu asitoke hapa na maneno matupu.

Kwanza, hedhi ikipita tarehe yake, nenda zahanati ukapime mimba, ukiwa na tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Iandike kwenye kalenda au kwenye simu. Tarehe hiyo ndiyo itakayotuelekeza siku ya kukupima.

Pili, fungua kadi ya kliniki kabla ya wiki 12, na umwombe mkunga akupangie altrasaundi na kukuandikia mahali pa kwenda. Si kila zahanati ina mashine. Ulizia ni kituo gani cha afya chenye mashine na mpimaji, na siku zake za kazi, kabla ya kutoa nauli.

Tatu, siku ya kipimo vaa nguo za vipande viwili, njoo na kadi, na njoo na mtu mmoja unayemwamini. Katika mimba changa huenda ukaambiwa unywe maji na kujizuia haja ndogo, ili kizazi kionekane vizuri. Hakuna sindano wala maumivu. Kwa kawaida kipimo huchukua chini ya nusu saa.

Nne, kabla ya kuondoka uliza maswali manne: Mimba ina wiki ngapi? Mtoto ni mmoja? Kuna kiungo ambacho hakikuonekana vizuri? Nirudi lini, na wapi? Hakikisha majibu yameandikwa kwenye kadi.

Tano, Sera ya Afya ya mwaka 2007 imewaweka wajawazito katika kundi la msamaha wa malipo. Ukiambiwa ulipie, uliza ufafanuzi kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya kituo kabla ya kwenda kukopa, na usitoe fedha yoyote bila stakabadhi.

Sita, na hili halisubiri siku ya kliniki: ukitokwa damu, ukipata maumivu makali chini ya tumbo, au ukizimia katika miezi ya mwanzo, nenda kituoni saa ileile, iwe mchana au usiku. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi, na hiyo huua haraka.

Akina baba, sikuwasahau. Kadi ya kliniki hubebwa na mama, lakini nauli, chakula na uamuzi wa kusafiri mara nyingi viko mikononi mwenu. Mkeo akikunong'oneza kwamba hedhi imepita, usimwambie asubiri mavuno. Wiki ya 12 haisubiri mavuno.

Mheshimiwa Diwani, binti aliyeniuliza swali lile mwezi uliopita sijamwona leo. Kama yupo nyuma huko, au kama kuna anayemfahamu, naomba afikishiwe ujumbe kwamba swali lake limenifundisha. Anaweza kuja kuniona siku yoyote ya kliniki, kwa mlango wa nyuma akipenda. Hatamsikia mtu mwingine.